Urefu wa Mtoto Haupimwi kwa Jicho



Kanzu iliyoshonwa kwa Idd ya mwaka jana ikimkaa mtoto sawasawa Idd ya mwaka huu, aghalabu wazazi hushukuru kwamba wameokoa gharama ya fundi. Sisi twaona kanzu hiyo ina habari nyingine ya kueleza. Mtoto mwenye afya, tangu umri wa miaka 4 hadi karibu na kubaleghe, hurefuka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 6 kila mwaka. Kanzu ya mwaka jana ilipasa kuwa imepanda juu ya vifundo vya miguu. Ikiwa haikupanda, pana swali linalotaka jibu, na swali hilo ndilo mada yetu ya wiki hii.

Tumechagua mada hii kwa sababu katika barza na majumba yetu kimo cha mtoto huzungumzwa sana na kupimwa kidogo. Mtoto mfupi hupewa majina ya kejeli na wenziwe, na wakati mwingine hata na jamaa zake. Mama huambiwa hamlishi mwanawe. Baba hujibu kwamba ukoo wao ndivyo ulivyo. Bibi husema ni jicho la watu, akaagiza kombe. Kila mmoja ana maelezo yake, na hakuna hata mmoja aliyechukua utepe akapima.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Kuwa mfupi ni hali moja, na kusimama kukua ni hali nyingine. Ukiwapanga watoto 100 wenye afya, wa umri mmoja na jinsia moja, lazima wawepo wawili au watatu walio wafupi kuliko wote, na huenda hawana maradhi yoyote. Mtoto wa namna hiyo, maadamu anaongeza kimo chake mwaka baada ya mwaka, habari yake ni nyepesi. Anayestahili kutushughulisha zaidi ni yule aliyekuwa akienda na wenziwe, kisha akaanza kubaki nyuma.

Tutoe mfano wa hesabu. Mvulana wa miaka 6 amepimwa akawa na sentimita 110. Yu mfupi kidogo kuliko wastani, lakini hapana la kutisha. Alipotimiza miaka 7 akawa na 112. Alipotimiza miaka 8 akawa na 113 na nusu. Anayemwona kila siku hatagundua kitu, kwa kuwa jicho huzoea. Lakini daftari linasema kwamba katika miaka miwili ameongeza sentimita 3 na nusu, mahali palipostahili kuongezwa 10 au zaidi. Mtoto huyu anahitaji daktari, hata kama anacheza, anakula na hana homa.

Ukuaji una mwendo wake unaojulikana. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Katika mwaka wa kwanza huongeza takribani 25, na katika mwaka wa pili takribani 12. Baada ya hapo kasi hupungua hadi kufikia zile 5 au 6 tulizozitaja. Wakati wa kubaleghe kasi hupanda tena, ambapo msichana huweza kurefuka sentimita 8 kwa mwaka na mvulana 9 au 10. Wasichana hutangulia kwa miaka miwili hivi, na ndiyo maana darasani msichana wa miaka 12 huwapita kimo wavulana wa umri wake. Hatimaye ncha laini za gegedu zilizo karibu na miisho ya mifupa mirefu huwa ngumu na kufunga, na hapo urefu hukoma. Kufunga huku ndiko kunakoupa muda thamani yake. Dawa iliyofaa mtoto akiwa na miaka 7 haitamfaa akiwa na miaka 18.

Wazo la kuandika kimo cha mtoto si geni. Bwana mmoja Mfaransa, Philibert de Montbeillard, alimpima mwanawe takriban kila miezi sita tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi mwaka 1777, na hesabu zake zinatumiwa na wataalamu hadi leo. Hakuwa na mtambo wowote. Alichokuwa nacho ni subira na kalamu, na hivyo viwili kila nyumba yetu inavyo.

Kitabu cha kliniki ambacho kila mama hupewa hapa Kenya kina michoro ya uzito na ya urefu. Michoro hiyo imetokana na viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupimwa watoto wapatao 8,500 kati ya mwaka 1997 na 2003 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Tumeitaja Omani makusudi, kwa kuwa wengi wetu tuna jamaa huko. Matokeo yalionyesha kwamba watoto walionyonyeshwa vyema, wakalishwa vyema na kukingwa na maradhi, hukua kwa mwendo unaokaribiana sana katika miaka mitano ya mwanzo, wawe wa Maskati au wa Oslo. Kwa hiyo maneno ya kwamba sisi ni ukoo wa watu wafupi hayatoshi kumweleza mtoto wa miaka 3 aliyeachwa mbali na mstari wa mchoro.

Inafaa hapa tuseme ukweli usiopendeza. Sababu kubwa ya watoto wetu kutofikia kimo chao ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, kabla ya homoni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa. Katika kaunti ya Kilifi idadi hiyo ilikuwa 37 katika kila 100, nayo ndiyo iliyokuwa juu kuliko kaunti zote. Mtoto anayekula wali mweupe au sima na mchuzi mwepesi kila siku, bila samaki, kunde, maziwa wala mayai, hana anachojengea mifupa. Kadhalika anayeharisha kila mwezi kwa maji yasiyo safi hupoteza hata kile kidogo alichokula. Yako pia maradhi ya muda mrefu yanayozuia kimo, kama vile selimundu, figo, moyo na matumbo. Daktari mwadilifu huanza kuyatafuta haya kwanza.

Basi homoni zina nafasi gani? Homoni ni ujumbe ambao tezi za mwili hupeleka ndani ya damu. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kiasi cha punje ya njegere, iitwayo pituitari. Tezi hii hutoa homoni ya ukuaji, hasa mtoto anapokuwa katika usingizi mzito, na homoni hiyo huliamrisha ini na mifupa kufanya kazi ya kurefusha mwili. Nayo tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni inayohitajika na ubongo na mifupa pia. Tezi moja ikilegea, mtoto atakula na kushiba, lakini chakula hakitageuka kimo.

Hapa pana alama moja ambayo mzazi anaweza kuiona bila mashine. Mtoto aliyekosa chakula hukonda kwanza, kisha kimo hufuata. Mtoto mwenye hitilafu ya homoni aghalabu huwa mnene au wa wastani, mashavu yamejaa, ilhali kimo kimesimama. Mtoto aliyenenepa kwa kula tu kwa kawaida huwa mrefu kuliko wenziwe. Kwa hiyo mtoto anayenenepa na huku harefuki asisifiwe kwa afya yake; apelekwe apimwe.

Tunamjua binti mmoja ambaye chuoni alikuwa akikaa na watoto wadogo kwake kwa miaka minne. Alikuwa mzito wa kusoma, akisinzia, akiona baridi wakati wenziwe wanajipepea, ngozi yake kavu, na choo chake kigumu. Aliitwa mvivu. Alinunuliwa dawa za kuongeza hamu ya kula, zikamwongezea unene peke yake. Kilichomtambua ni kipimo cha damu, kikaonyesha thairoidi yake imelegea. Alianzishiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Kabla ya mwaka kwisha kanzu zake za shule zilikuwa fupi, na alama zake zilikuwa zimepanda. Uvivu aliolaumiwa kwao haukuwa tabia yake, ulikuwa maradhi.

Upungufu wa thairoidi wa kuzaliwa nao huwapata takribani mtoto 1 katika kila 2,000 hadi 4,000. Ukitibiwa katika wiki mbili za mwanzo, akili ya mtoto husalimika. Ukicheleweshwa, madhara ya ubongo hayarudi nyuma. Katika nchi nyingi kila mtoto mchanga hutolewa tone la damu kisiginoni apimwe. Hapa kwetu jambo hilo halijawa desturi katika hospitali zote, hivyo ni juu ya wazazi kuwa macho. Mtoto mchanga ambaye umanjano wake hauishi kwa wiki kadhaa, analala mno hata kunyonya hataki, sauti ya kilio chake ni nzito, ulimi wake ni mkubwa na kitovu chake kimetokeza, asingojewe arobaini. Apelekwe leo. Tuongeze pia kwamba chumvi ya kula yenye ayodini ni kinga ya tezi hii, nayo hutengenezwa papa hapa pwani. Chumvi isiyo na ayodini, hata ikiwa rahisi, si ya kupikia.

Upungufu wa homoni ya ukuaji ni nadra zaidi, takribani mtoto 1 katika kila 4,000 hadi 10,000. Vijana wetu wote wamjua mchezaji Lionel Messi wa Ajentina. Huyu aligunduliwa na upungufu huo akiwa na umri wa miaka 10 au 11, akadungwa sindano za homoni kwa miaka kadhaa, na leo ana kimo cha kama mita 1.70. Hakuwa jitu, wala dawa haikukusudiwa kumfanya jitu. Ilimrudishia kile ambacho mwili wake ulishindwa kukitoa. Kinyume chake ni Mmarekani Robert Wadlow, ambaye tezi yake ilitoa homoni kupita kiasi. Alifikia mita 2.72 na akafariki mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 22. Kimo kinachozidi mno nacho ni cha kupelekwa kwa daktari.

Wapo waliotuuliza juu ya uhalali wa sindano hizo, wakihofu kwamba zatokana na nguruwe au maiti. Zamani homoni hiyo ilitolewa katika tezi za maiti, na ilisimamishwa mwaka 1985 baada ya kuonekana kwamba baadhi ya waliodungwa walipata maradhi mabaya ya ubongo. Inayotumika sasa hutengenezwa kiwandani na vijidudu vilivyopewa maelekezo ya kuitoa homoni iliyo sawa na ya binadamu. Kwa hiyo hofu hiyo haina msingi. Ugumu uliobaki ni gharama, nayo ni kubwa. Haifai tuwafiche wazazi. Lakini vidonge vya thairoidi ni vya bei nafuu, na sababu nyingi nyingine za kimo kusimama hazihitaji sindano hizo kabisa.

Katika vyuo vyetu tunafundisha alama za kubaleghe, na hapo elimu ya fiqhi na ya tiba hukutana. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, damu ya hedhi haihesabiwi kabla ya takribani miaka 9 ya mwezi mwandamo, na asiyeona alama yoyote huhesabiwa kuwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, yaani kama miaka 14 na miezi sita kwa kalenda ya miladi. Madaktari nao husema kwamba alama zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana, au 9 kwa mvulana, zimewahi mno. Na msichana akifika miaka 13, au mvulana 14, bila alama yoyote, amechelewa. Mwalimu anayefahamu hesabu hizi aweza kumtanabahisha mzazi kwa siri na kwa adabu.

Binti wa miaka 6 anayeanza kuota matiti huonekana mrefu kuliko wenziwe, na jamaa hufurahi. Lakini mifupa yake inakimbilia kufunga, na mwisho wake huwa mfupi. Zipo sindano za kulisimamisha jambo hilo hadi umri wake utimie. Na mwili uliotangulia haukutangulia na akili. Huyo ni mtoto wa miaka 6, asibebeshwe mizigo ya wakubwa, wala jina lake lisitajwe katika mazungumzo ya kuozwa. Alindwe zaidi ya wenziwe. Kwa upande wa pili, msichana mfupi asiyeona hedhi huenda akawa na hali iitwayo Turner, inayompata takribani msichana 1 katika kila 2,000 hadi 2,500. Huyo naye ana matibabu, na asiachwe hadi siku ya posa ndipo watu waulizane.

Wapo pia wanaochelewa bila maradhi. Kijana ambaye baba yake alirefuka akiwa na miaka 17 huenda naye akafuata njia hiyo. Daktari humpiga eksirei ya mkono wa kushoto akalinganisha umri wa mifupa na umri wa kuzaliwa. Mifupa ikiwa nyuma, bado pana nafasi ya kukua. Ipo pia hesabu ya kukisia kimo kutokana na wazazi. Jumlisha kimo cha baba na cha mama. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana ondoa 13, kisha gawanya kwa 2. Baba akiwa na 172 na mama 158, mvulana hutarajiwa kuwa karibu na 171 na nusu, na msichana 158 na nusu, kwa tofauti ya hata sentimita 8 juu au chini.

Tupime vipi basi? Mtoto aliyetimiza miaka miwili asimame bila viatu kwenye sakafu iliyo sawa, mgongo ukutani. Visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele, na misuko ya nywele isizidishe kimo. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa kikiwa kimekaa sawa na ukuta, tia alama, kisha pima kwa utepe. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, na hiyo ni kazi ya kliniki. Pima wakati mmoja wa siku, kwa kuwa kimo hupungua kidogo jioni. Usipime kila wiki. Kosa la utepe litakuwa kubwa kuliko ukuaji wenyewe. Mara mbili kwa mwaka yatosha. Twashauri mwezi wa Muharram na mwezi wa Rajab, kwani kati yake pana miezi sita, na vyuo vyetu vyaweza kuwapima wanafunzi wote kwa siku moja. Ila tarehe ya kuzaliwa na ya kupimwa ziandikwe kwa miladi, kwa sababu michoro ya kliniki huhesabu hivyo. Na tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Umri wa kukisia huharibu hesabu yote.

Mtoto wa miaka 4 na zaidi anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka apelekwe kituo cha afya pamoja na daftari lake, na mzazi aombe barua ya kumwona daktari wa watoto. Asiyerefuka huku akiumwa na kichwa, akitapika asubuhi, akipungukiwa na macho, au akinywa maji na kukojoa kupita kiasi, apelekwe hospitali bila kungoja, kwani huenda pana uvimbe karibu na ile tezi ya ubongo. Anayetumia dawa za steroidi kwa pumu au ngozi, daktari aelezwe, kwa maana zikizidi huzuia kimo. Lakini zisikatwe ghafla bila ushauri wake. Wataalamu wa homoni za watoto wapo: tangu mwaka 2008 Nairobi imekuwa kituo cha kuwafunza madaktari wa fani hii kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ama wauzaji wa dawa za kurefusha, wawe mitaani au kwenye simu, wasipewe hata shilingi.

Hatusemi dua iachwe. Dua ni yetu, na kutafuta tiba kumeamrishwa pia. Kimoja hakikiondoi kingine. Tunalosema ni kwamba kila mwezi unaopita bila kupima haurudi, na mifupa haimngoji mtu. Mtoto ni amana, na katika kuitunza amana ni kujua hesabu yake. Na maadamu hatujapima, tuyafunge midomo majina ya kibete na mbilikimo, kwani mtoto huyasahau maumivu ya sindano kabla hajalisahau jina alilopachikwa.

Wabillahi tawfiq.